Adui Hana Fremu Kariakoo

Wapo watu wakisikia "vita vya kiroho" wanakumbuka filamu za Kinaijeria: mchungaji mwenye suti, mganga mwenye tunguri, moshi na mayowe. Mimi nakumbuka chumba cha ghorofa ya tatu, juu ya maduka ya vyombo pale Kariakoo, ambako kila Jumatano saa saba mchana wanawake wafanyabiashara hupanda ngazi, daftari la mauzo kwapani, Biblia mkononi. Mimi ni mmoja wao. Nauza zipu, vifungo na nyuzi za cherehani kwenye fremu ambayo ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Ikifika zamu yangu ya kuongoza maombi, duka namwachia kijana wangu, simu naizima sauti, napanda.

Tumo Walutheri, Waanglikana, Wamoravian, Wakatoliki wawili watatu, na walokole wa makanisa ambayo majina yake ni marefu kuliko mabango yake. Tunaombea marejesho ya mikopo, watoto wa mtihani, waume waliopotelea Afrika Kusini. Lakini hoja inayotutoa jasho kuliko zote ni siasa. Nchi ikichafuka, Mkristo aombe nini? Amwombee nani? Na je, inaruhusiwa kumwomba Mungu amwangushe mtu?

Silaha zenyewe

Msingi wa mafundisho haya ni Waraka kwa Waefeso, sura ya 6. Mwandishi, aliye kifungoni, anawaambia waumini kwamba mapambano yao hayako na binadamu mwenzao. Yako na nguvu za uovu zisizoonekana. Kisha anaorodhesha mavazi ya askari: kweli kiunoni, haki kifuani, utayari wa kutangaza amani miguuni, ngao ya imani, kofia ya wokovu na upanga ambao ni Neno la Mungu. Tazama mpangilio huo. Kweli inatangulia, haki inafuata, upanga uko mwisho. Sisi waombaji wengi tunarukia upanga.

Mfano mwingine tunaoupenda ni wa nabii Danieli, sura ya 10. Danieli alijinyima na kuomba siku 21, kisha malaika akamweleza kwamba alikawia kwa sababu mkuu wa ufalme wa Uajemi alimzuia njiani. Hapo ndipo lilipotoka fundisho kwamba kila nchi na kila mji una roho inayoutawala. Fundisho hilo lilishika kasi miaka ya 1990 kupitia walimu wa Marekani kama C. Peter Wagner, aliyehimiza waombaji wazitambue roho za maeneo na kuzikemea. Ukikutana alfajiri na kikundi kinazunguka mtaa mara saba kama Waisraeli walivyouzunguka Yeriko, ujue wanafanya kazi hiyo.

Usidhani hata hivyo kwamba vita hivi ni vya walokole peke yao. Mkatoliki anayo Rozari, na anayo sala kwa Mikaeli Malaika Mkuu iliyotungwa na Papa Leo XIII katika karne ya 19 na kusaliwa kwa miongo mingi baada ya misa. Mlutheri na Mwanglikana, wakimpeleka mtoto kubatizwa, humkataa Shetani na kazi zake mbele ya usharika mzima. Tofauti yetu ni sauti. Wengine wanapigana kimyakimya, wengine mpaka jirani anakuja kugonga.

Na majirani wanasikia kweli. Chumba chetu kina joto, madirisha huwa wazi. Siku moja nikiwa nashuka, mzee mmoja Mwislamu anayeuza majora ya vitambaa upande wa pili wa barabara aliniita.

"Mama Neema, leo mlikuwa mnamkemea nani huko juu? Nimesikia 'toka, toka', nikataka kufunga duka."

"Shikamoo mzee wangu. Tulikuwa tunakemea roho ya umaskini."

"Marahaba. Hiyo ikitoka msiielekeze huku kwangu."

Tulicheka. Lakini swali lake ndilo swali lenyewe: mnamkemea nani?

Mtaa uliolelewa na siasa

Kariakoo na siasa hazijawahi kuachana. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia hapa palikuwa na kambi ya wapagazi waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza, na maelfu ya wapagazi hao hawakurudi kwao. TANU, chama kilichopigania uhuru, kilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 katika mtaa unaoitwa Lumumba leo, mwendo wa dakika chache kutoka sokoni. Mei 2023 na tena Juni 2024 wafanyabiashara walifunga maduka kulalamikia kodi na namna inavyodaiwa. Mgomo wa Kariakoo ukianza asubuhi, mchana wateja wa Lubumbashi na Lilongwe wameshapiga simu kuulizia mzigo.

Dini nazo zimeshawahi kutugombanisha. Februari 1998 polisi waliua Waislamu katika vurugu za Mwembechai, Magomeni. Oktoba 2012 makanisa yalishambuliwa na kuchomwa Mbagala baada ya mtoto mmoja kuikojolea Kurani, na wiki iliyofuata vurugu zikafika hapa Kariakoo, maduka yakafungwa, mabomu ya machozi yakapigwa. Wakati ule maombi yetu mengi yalinuka hofu. Ilikuwa rahisi sana kupanda ngazi na kuikemea roho tuliyoipa jina la dini ya jirani.

Halafu ukaja mwaka 2025. Aprili, mwenyekiti wa chama cha upinzani cha Chadema, Tundu Lissu, alishtakiwa kwa uhaini, na chama chake kikawekwa nje ya uchaguzi. Usiku wa tarehe 30 mwezi huohuo Padre Charles Kitima, Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu Katoliki, alishambuliwa na kujeruhiwa Kurasini. Mwanzoni mwa Juni, kanisa la Askofu Josephat Gwajima lilifutiwa usajili baada ya yeye kuhubiri dhidi ya utekaji. Waumini wake wakawa wanatafuta pa kuombea. Novemba, serikali ikatangaza kulifungua.

Uchaguzi ulifanyika tarehe 29 Oktoba, Jumatano, siku yetu ya maombi. Maandamano yalizuka, vituo vya mabasi ya mwendokasi vikachomwa, risasi zikasikika. Jiji likapewa amri ya kutotoka nje kuanzia saa kumi na mbili jioni, na intaneti ikazimwa. Rais Samia Suluhu Hassan alitangazwa mshindi kwa karibu asilimia 98 ya kura, akaapishwa Dodoma tarehe 3 Novemba. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema taarifa ilizopokea zinaashiria mamia waliuawa. Serikali ilipinga idadi kubwa zilizotajwa, kisha ikaunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman.

Siku zile hatukukutana. Kundi letu la WhatsApp lilikuwa limekufa, tukarudi kupigiana simu za kawaida, kila mmoja akimpigia anayemfuata kwenye orodha. Tulikubaliana saa tatu usiku kila mtu aombe alipo. Niliomba jikoni, taa imezimwa, sauti chini. Majirani wa Kiislamu upande wa pili wa ukuta nao walikuwa kwenye dua. Sote tulikuwa tunamlilia Mungu kuhusu barabara ileile.

Boksi la zipu

Maombi yaliporejea, ilikuwa zamu yangu. Huwa naandika hoja nyuma ya boksi la zipu, kwa kalamu nene, nalisimamisha dirishani wote waone. Niliandika: AMANI. Dada mmoja muuza mitumba, mtu asiye na maneno mengi, aliinuka, akachukua kalamu, akaandika juu yake: HAKI. Kisha akakaa. Chumba kikagawanyika.

Upande mmoja ulisema tuombe amani, mengine tuwaachie wakubwa, biashara imeshaharibika vya kutosha. Upande mwingine ukasema kuna mama hajapata maiti ya mwanawe, mnamwambia atulie? Mwingine akataka tuwataje viongozi kwa majina na kuamuru waanguke. Mwingine akasema walioandamana ndio walioingiwa na pepo.

Mabishano hayo hayakuanzia kwetu. Mwaka 1985 Baraza la Makanisa la Afrika Kusini liliwaita waumini tarehe 16 Juni, kumbukumbu ya mauaji ya Soweto, waombe utawala dhalimu ufike mwisho. Makanisa mengine yalishtuka: inakuwaje kuombea serikali iondoke, wakati Paulo alimwagiza Timotheo kuwaombea wafalme? Waliotoa wito walijibu kwamba kumwombea mtawala ni pamoja na kuomba aache kudhulumu, na asipoacha, aondolewe mamlaka aliyoyageuza kuwa fimbo.

Kwangu mimi Isaya alishamaliza kesi hiyo: katika sura ya 32 anasema amani ni kazi ya haki. Ukiomba tunda na kuukataa mti, unampa Mungu oda isiyowezekana. Lile boksi lilibaki na maneno yote mawili, HAKI juu, AMANI chini.

Mashimo matatu

Ukisoma historia ya kanda yetu utaona maombi ya vita yakiingia kwenye siasa huangukia shimo mojawapo kati ya matatu.

La kwanza ni kumpa shetani sura ya mtu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mchungaji Thomas Muthee alianzisha kanisa Kiambu, Kenya. Baada ya kuomba na kufunga alitangaza kwamba mwanamke mmoja mtabiri ndiye mzizi wa ajali na uhalifu mjini, na kwamba ama aokoke ama ahame. Habari hiyo ikawekwa kwenye video, ikazunguka dunia kama ushuhuda wa ushindi. Mwaka 2005 Muthee alimwombea Sarah Palin katika kanisa la Wasilla, Alaska. Wengi walishangilia. Mimi, mwanamke wa makamo ninayeishi kwenye nchi ambayo vikongwe wa Kanda ya Ziwa wameuawa kwa tuhuma za uchawi kwa sababu ya macho yaliyofanywa mekundu na moshi wa kuni, sishangilii. Leo atatajwa mtabiri, kesho mpinzani, keshokutwa kabila zima.

La pili ni kuyafanya maombi kuwa fulana ya kuzuia risasi. Alice Lakwena, kiongozi wa waasi wa Uganda, aliwapaka askari wake mafuta mwaka 1986 na 1987, wakaamini risasi hazitawaingia na mawe yatalipuka kama mabomu. Walitembea wakiimba nyimbo za kanisa hadi karibu na Jinja, wakafyekwa. Babu zetu wa vita vya Majimaji, walioamini dawa ya maji ingezuia risasi, walishalipa gharama hiyo 1905 hadi 1907. Mtumishi yeyote anayemwambia kijana aingie barabarani kwa sababu "amefunikwa" anapaswa kutangulia yeye.

La tatu ni maombi ya kujifichia. Aprili 2020 Rais John Magufuli alitangaza siku tatu za taifa kuombea janga la korona, na Juni akasema Mungu ameuondoa ugonjwa. Kuomba hakukuwa kosa. Kosa ni pale maombi yanapotumika kufunga mjadala, anayeuliza takwimu akaonekana hana imani. Siasa hufanya hivyohivyo: viongozi wa dini wanaitwa uwanjani, wanaombea utulivu, wanapigwa picha, na maswali ya wenye kilio hayana pa kwenda.

Waliopigana vizuri

Mfano ninaoutumia kufundishia ni wa Uganda ya Idi Amin. Februari 1977 maaskofu wa Kanisa la Anglikana, wakiongozwa na Askofu Mkuu Janani Luwum, walimwandikia Amin barua ya kulaani mauaji na uonevu. Tarehe 16 mwezi huo Luwum aliuawa, serikali ikadai ni ajali ya gari. Askofu Festo Kivengere, mtu wa Uamsho wa Kikristo wa Afrika Mashariki aliyewahi kufundisha shule Dodoma, alitoroka kwa miguu kupitia milimani usiku. Mwaka huohuo alitoa kitabu ambacho tangu jaladani kinasema anampenda Idi Amin.

Watu husimulia habari hiyo kwa kuanzia kwenye msamaha. Rudini nyuma kidogo: kwanza kulikuwa na barua. Waliutaja uovu kwa jina lake, kwa maandishi, kwa saini zao, kisha wakamwombea aliyemuua kiongozi wao. Kweli kiunoni, haki kifuani, ndipo upanga.

Nairobi, Februari 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa, pamoja na Wangari Maathai, walianza mgomo wa kula Uhuru Park wakidai watoto wao. Polisi wakawapiga. Wakahamia Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, wakakaa humo karibu mwaka mzima, wakiimba, wakiomba na kupokea wageni. Wengi wa wafungwa wale waliachiwa mwaka 1993. Kama hayo si maombi ya kufunga, mimi sijui kufunga ni nini.

Hapa kwetu, Machi 2018 maaskofu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) walitoa waraka wa Pasaka wenye jina "Taifa Letu, Amani Yetu", wakigusa utekaji, uhuru wa maoni na Katiba Mpya. Barua ya serikali iliyowataka waufute ilizua tafrani, kisha serikali yenyewe ikaikana barua hiyo. Waraka ule ulisomwa madhabahuni, mahali palepale tunapopigia magoti.

Kuna mteja wangu wa Bukavu, Kongo, alikuja kununua zipu akiwa amekonda. Nikamuuliza kwao wanaombaje. Akaniambia wameacha zamani kuomba upande fulani ushinde. Nilipofika nyumbani nilihesabu: mji wake umebadilisha mikono 1996, 1998, 2004 na tena Februari 2025. "Tunaomba wenye bunduki waogope Mungu, mama, na sisi tusifanane nao." Mwezi huohuo wa Februari viongozi wa Kikatoliki na wa Kiprotestanti wa Kongo walikwenda Goma, mji uliokuwa mikononi mwa waasi wa M23, kuzungumza na kiongozi wa muungano wao, Corneille Nangaa. Kinshasa wapo waliowasema vibaya. Walikwenda.

Taratibu zetu

Baada ya mabishano ya boksi la zipu tuliandika taratibu, na zimetusaidia.

Kwanza, jina la mtu halitajwi katika kukemea. Tunakemea utekaji, uongo, rushwa, wizi wa kura, chuki ya dini. Majina ya watu, awe rais, mpinzani au askari, hutajwa tunapowaombea hekima, toba na uhai. Mama mwenye msiba haguswi na sheria hii. Zaburi ya 109 ina laana nzito, na Mungu hakuifuta kwenye Biblia. Aliyefiwa akilia hivyo, tunamshika mkono na kumwacha alie. Ila kilio chake hatukigeuzi kuwa tangazo la kikundi.

Pili, ombi lolote liombwe kwa namna ambayo yule mzee wa vitambaa ng'ambo ya barabara akilisikia dirishani aweze kuitikia "amin". Asipoweza, tatizo liko kwenye ombi letu.

Tatu, hakuna hoja inayofungwa bila kazi. Nehemia alipotishwa na maadui wa Yerusalemu aliomba, na papo hapo akaweka walinzi ukutani. Tukiombea waliokamatwa, tunachanga nauli ya ndugu zao ya kwenda gereza la Segerea. Tukiombea waliofiwa, tunakwenda msibani na mchele. Tulipoombea tume iseme kweli, aliyeona kitu alitiwa moyo akatoe ushahidi, na wawili wakamsindikiza.

Kumwondoa mtu kwenye orodha ya mapepo hakumwondolei hatia. Aliyeua ajibu mahakamani. Lakini ukishamwita shetani umemfutia hata uwezekano wa kutubu, na umejipa ruhusa ya kumtendea lolote.

Msomaji, wewe unayeomba katika kikundi, jumuiya au peke yako kitandani, chukua karatasi uandike unayemhesabu kuwa adui wa nchi hii. Ukikuta ulichoandika kina kabila, kina kadi ya chama, kinaswali msikitini au kinasali kanisa lisilo lako, au kina fremu Kariakoo, kifute uanze upya. Kisha taja dhuluma yenyewe unayotaka iishe, iombee, na kabla wiki haijaisha fanya jambo moja dhidi yake.